JIHADHARI NA MATAPELI UKISAFIRI NJE YA NCHI

Zamani mwanakijiji akiaga kwamba anasafiri, watu walijua anakwenda mnadani au makao makuu ya mkoa. Siku hizi sivyo. Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola hufika Nairobi. Mfugaji wa Longido huvuka Namanga. Mfanyabiashara wa Mbozi huvuka Tunduma akaingia Zambia. Mama wa Misenyi huvuka Mutukula kwenda kumwona binti yake aliyeolewa Uganda. Wengine huenda mbali zaidi. Huenda Makka kuhiji, India kutibiwa, Dubai kununua bidhaa, au huenda tu kutembea ili wajionee nchi za watu.

Kusafiri ni jambo jema. Mtu aliyetembea huona mengi na hujifunza mengi. Lakini mgeni ni mgeni popote aendapo. Hajui njia. Hajui bei za vitu. Hazijui vizuri fedha za nchi ile, wala hajui sheria zake. Tapeli anayajua hayo yote. Tapeli ni mtu anayechukua mali yako kwa maneno matamu au kwa vitisho, bila kutumia panga wala bunduki. Mara nyingi wewe mwenyewe ndiye unayempa fedha kwa mkono wako.

Je, mgeni atajilindaje? Hebu tuanze nyumbani, kabla ya safari, kisha tuvuke mpaka pamoja.

KABLA YA KUONDOKA

Jambo la kwanza ni hati ya kusafiria, yaani pasipoti. Pasipoti hutolewa na Idara ya Uhamiaji peke yake. Haitolewi na wakala wa basi, wala na kijana wa stendi mwenye "mtu wake ofisini". Pasipoti mpya za kielektroniki zilianza kutolewa nchini mwezi Januari 2018. Ada yake ilipangwa kuwa shilingi 150,000, na pasipoti hudumu miaka 10. Kwa safari za nchi za jirani ipo pia hati ya dharura ya kusafiria, ambayo bei yake ni ndogo zaidi. Nenda ofisi ya Uhamiaji mwenyewe. Uliza ada ya siku hiyo. Lipa, kisha upewe stakabadhi. Atakayekutaka ulipe zaidi bila stakabadhi anakuibia.

Jambo la pili ni chanjo. Nchi nyingine hutaka mgeni awe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mipakani hutokea watu wanaouza kadi hiyo bila kuchoma sindano. Usinunue. Ukinunua utakuwa umefanya makosa mawili kwa mara moja. Kwanza, umevunja sheria kwa kubeba hati ya uongo. Pili, mwili wako hauna kinga, na homa ya manjano huua. Chanjo ya kweli huanza kukubalika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo usingoje siku ya safari. Tena tangu mwaka 2016 kadi ya chanjo hiyo hukubalika kwa maisha yote ya mtu. Ukichanjwa mara moja, tunza kadi yako vizuri. Mtu akikwambia kadi imekwisha muda na kwamba anaweza kukuuzia nyingine, ujue anatafuta fedha zako.

Jambo la tatu ni karatasi mbili. Andika kwenye karatasi jina lako, namba ya pasipoti, unakokwenda, jina na simu ya mwenyeji wako, na siku ya kurudi. Andika pia namba za simu muhimu, kwa sababu simu ikiibwa namba zote huondoka nayo. Karatasi moja waachie watu wa nyumbani. Ya pili ibebe wewe, lakini usiiweke pamoja na simu. Toa pia nakala ya pasipoti yako na uiweke kwenye begi jingine. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hata msafiri ni vivyo hivyo.

MPAKANI

Ndugu msomaji, mpaka ni mahali penye kelele nyingi. Basi likisimama tu, vijana hulizunguka. Huyu anataka kubeba mzigo wako. Huyu anataka kukubadilishia fedha. Huyu anasema, "Mzee, lete pasipoti nikugongee muhuri haraka, foleni ni ndefu."

Usimpe mtu pasipoti yako. Katika mipaka mingi siku hizi kuna Kituo cha Pamoja cha Huduma. Kituo cha Namanga kilifunguliwa rasmi mwezi Desemba 2018. Maofisa wa nchi zote mbili hukaa katika jengo moja. Unaingia ndani, unagongewa muhuri wa kutoka nchi yako, kisha unagongewa wa kuingia nchi ya pili. Kazi hiyo hufanywa na ofisa dirishani, nawe ukiwa umesimama mbele yake. Hakuna muhuri unaogongwa nje chini ya mti.

Tena kumbuka hili. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mtanzania halipi fedha ya viza kuingia Kenya, Uganda, Rwanda au Burundi kutembea. Viza ni kibali cha kuingia nchi ya watu. Mtu akikwambia ulipe "viza ya Kenya", mwulize stakabadhi. Utaona anaondoka.

Usipite njia ya panya hata kama wenyeji wanapita kila siku. Ukiingia nchi bila muhuri, wewe ni mhalifu mbele ya sheria. Tapeli akikunyang'anya mali huko ndani, utaogopa kwenda polisi. Naye anajua kwamba utaogopa.

KUBADILI FEDHA

Hapa ndipo wageni wengi hulia. Hebu tuchukue mfano, tufanye hesabu pamoja.

Tuseme siku hiyo shilingi 1 ya Kenya inabadilishwa kwa shilingi 20 za Tanzania. Huu ni mfano tu, kwa sababu bei ya fedha hubadilika kila siku. Wewe una shilingi 400,000 za Tanzania. Gawanya kwa 20. Utapata shilingi 20,000 za Kenya, yaani noti 20 za shilingi 1,000.

Kijana wa mpakani anahesabu mbele yako haraka haraka: moja, mbili, tatu, mpaka ishirini. Umeona kwa macho yako. Lakini noti 4 kati ya hizo amezikunja katikati. Kila noti iliyokunjwa huonekana pande mbili, naye huihesabu mara mbili. Mkononi mwako zimo noti 16 tu. Umepoteza shilingi 4,000 za Kenya. Zidisha kwa 20. Ni shilingi 80,000 za Tanzania. Umezipoteza kwa dakika moja.

Wengine hutumia mashine ya kukokotolea iliyochezewa. Unabonyeza mwenyewe, lakini jibu linalotoka ni la uongo. Wengine huhesabu sawasawa, kisha mwenzao hupiga kelele, "Polisi hao!" Wewe unageuka kutazama. Kufumba na kufumbua bunda limebadilishwa, na unapewa jingine lenye noti chache juu na karatasi tupu ndani.

Dawa yake ni nini? Badili fedha benki au katika duka la kubadilishia fedha lenye leseni. Kabla ya kusafiri uliza bei ya siku hiyo. Piga hesabu yako nyumbani kwa kalamu, ujue utapata kiasi gani. Zihesabu noti mwenyewe, moja moja, ukiwa bado dirishani. Mtu akikuahidi bei nzuri kuliko ya benki, jiulize: anapata wapi faida? Faida yake ni wewe.

NOTI ZILIZOKUFA

Noti nazo hufa. Si kwa kuchakaa tu, bali kwa tangazo la serikali. Noti iliyokufa ni halali kwa kumbukumbu, lakini dukani ni karatasi. Matapeli huzitunza noti hizo ili wawape wageni. Angalia mifano hii.

Kenya ilitangaza mwezi Juni 2019 kwamba noti zake za zamani za shilingi 1,000 zitakwisha tarehe 30 Septemba mwaka huo. Baada ya siku hiyo hazikupokelewa tena. Noti ya zamani ilikuwa na picha kubwa ya uso wa Mzee Jomo Kenyatta. Noti mpya ina picha ya jumba refu la mikutano lililoko Nairobi. Mgeni asiyejua huona sura ya Mzee Kenyatta akafurahi, kumbe amepewa karatasi.

Zambia ilibadili fedha yake tarehe 1 Januari 2013. Iliondoa sifuri tatu. Kwacha 1,000 za zamani zikawa kwacha 1 mpya. Kwa hiyo noti ya zamani ya kwacha 50,000 ilikuwa sawa na kwacha 50 tu za sasa, na leo haitumiki kabisa. Mtu akikuonyesha noti yenye sifuri nyingi pale Tunduma, usitamani. Tena mwaka 2025 Zambia ilitoa noti nyingine mpya. Basi kabla ya kuvuka, ingia benki uulize ni noti zipi zinazotumika.

India ilifuta noti zake za zamani za rupia 500 na 1,000 mwezi Novemba 2016. Wanaokwenda huko kwa matibabu wakumbuke hilo. Hata sisi wenyewe Benki Kuu ya Tanzania iliziondoa noti za zamani, zilizotolewa kati ya mwaka 1985 na 2003. Mwisho wa kuzibadili ulikuwa Aprili 2025. Kwa hiyo jambo hili si geni, wala si la nchi moja.

NDANI YA BASI

Safari ndefu huleta urafiki. Jirani yako kwenye kiti anakuuliza habari za kwenu. Baada ya saa mbili mnacheka kama ndugu. Ni vizuri. Lakini usile wala usinywe kitu cha mtu usiyemjua, hata kama naye anakila. Wapo wanaotia dawa ya usingizi katika biskuti, maji ya matunda au peremende. Msafiri huamka kituo cha mwisho, mifuko imegeuzwa nje. Wengine dawa hiyo imewalaza hospitali. Ukipewa, shukuru kwa adabu. Sema, "Ahsante ndugu yangu, nimeshiba." Nunua chako, na chupa ya maji uifungue mwenyewe.

Usiweke fedha zote mahali pamoja. Fedha ya nauli na chakula iweke mfuko wa mbele. Fedha nyingine ifunge ndani ya nguo. Usiitoe mbele ya watu. Ukitaka kuitoa, ingia chooni au chumbani.

Angalia pia saa na barabara. Haya hayahusu matapeli, lakini yanahusu usalama wako. Ukivuka kuingia Zambia, Rwanda au Burundi, saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Kwetu ikiwa saa tatu, kwao ni saa mbili. Uliza basi linafuata saa ya nchi gani. Wapo walioachwa na basi, wakalazimika kulala stendi kati ya watu wasiowajua.

Na hili la barabara lina uzito zaidi. Kenya, Uganda na Zambia magari hupita kushoto kama kwetu. Rwanda, Burundi na Kongo magari hupita kulia. Ukivuka daraja la Rusumo, mambo yamegeuka. Sisi tumezoea kutazama kulia kwanza tunapovuka barabara. Huko gari la kwanza hutokea kushoto. Vivyo hivyo Dubai na Saudi Arabia. Tazama pande zote mbili, kisha tazama tena. Fedha iliyoibwa hutafutwa nyingine. Uhai hautafutwi mwingine.

MJINI

Umefika salama. Sasa uko katikati ya mji mkubwa. Watu ni wengi kama siafu. Hapa matapeli wana michezo mingi, lakini mitatu ndiyo huwapata wageni zaidi.

Mchezo wa kwanza ni wa bahasha iliyoanguka. Mtu anatembea mbele yako, mara anadondosha bunda la fedha. Mwingine analiokota, anakunong'oneza, "Tumeona wawili, tugawane." Mnaingia kichochoroni. Mara mwenye mali anarudi akilia, anataka kuwapekua. Yule mwokotaji anakwambia, "Mpe pochi yako aone kwamba hukuchukua, mimi nitabaki na bunda." Unatoa pochi na simu. Wanaondoka wote wawili, kwa sababu walikuwa pamoja tangu mwanzo. Unafungua bunda, unakuta magazeti yaliyokatwa. Mchezo huu hauwezi kumpata asiye na tamaa. Ukiona fedha imeanguka, endelea na safari yako.

Mchezo wa pili ni wa ndugu wa kujipachika. Anasikia unavyosema Kiswahili chako, anakuja amefungua mikono. "Ah, wewe wa kwetu! Mimi mjomba zangu wako Singida." Ugenini neno "kwetu" ni tamu kuliko asali. Anakupeleka kwenye nyumba ya wageni ya bei rahisi, au dukani kwa rafiki yake, au anakuonyesha dhahabu ya kununua kwa siri. Mwulize maswali ya kwenu: wilaya gani, kata gani, mwenyekiti wa kijiji nani? Ndugu wa kweli hajibu kwa kubahatisha. Na dhahabu inayouzwa kwa siri kwa mgeni ni shaba, au ni ya wizi. Zote mbili zitakufunga.

Mchezo wa tatu ni wa askari wa uongo. Watu wawili wanakusimamisha. Wanasema umevunja sheria. Umetupa takataka, au umevuka barabara pasiporuhusiwa, au umebeba mfuko wa plastiki. Wanataka "faini" papo hapo, la sivyo utalala ndani. Mchezo huu huwafaa kwa sababu sheria nyingine ni za kweli. Mifuko ya plastiki, kwa mfano, ilipigwa marufuku Rwanda mwaka 2008, Kenya mwezi Agosti 2017, na kwetu Tanzania mwezi Juni 2019. Mgeni asiyejua sheria hutetemeka, akatoa fedha.

Ufanye nini? Usipigane wala usitukane. Sema kwa upole, "Naomba kitambulisho, afande, kisha twende kituoni. Kama nimekosa nitalipa huko na kupewa stakabadhi." Askari wa kweli atakupeleka kituoni. Wa uongo ataanza kupunguza bei. Usiingie katika gari lisilo na alama ya polisi. Simama penye watu wengi, na pochi yako isitoke mfukoni. Lakini ukihakikisha kwamba ni askari wa kweli, mtii. Usimpe rushwa, kwa sababu rushwa ni kosa huko kama ilivyo hapa.

SIMU

Simu ni benki yako siku hizi. Huduma ya kutumiana fedha kwa simu ilianza Kenya mwaka 2007, na kwetu mwaka uliofuata. Imetusaidia sana. Imewasaidia na matapeli pia.

Usimpe mtu simu yako "akusaidie kuweka laini". Namba yako ya siri usimtajie yeyote, hata akisema anatoka kampuni ya simu.

Tena kuna hila inayowapata waliobaki nyumbani. Wewe uko safarini, simu yako haipatikani. Mtu anampigia mke wako au baba yako. "Mtu wenu amepata ajali huku. Yuko hospitali. Tumeni shilingi 300,000 sasa hivi ahudumiwe." Nyumba nzima inalia. Mbuzi wanauzwa usiku. Kesho wewe unapiga simu, mzima kabisa.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Kabla ya kuondoka, kubalianeni neno la siri, wewe na watu wa nyumbani. Labda ni jina la ng'ombe wenu wa kwanza, au jina la kisima cha bibi. Mtu yeyote akiomba fedha kwa jina lako bila kulitaja neno hilo, wasitume. Kwanza wampigie mwenyeji wako. Ndiyo maana tulisema namba yake iachwe nyumbani.

MZIGO WA MTU

Ndugu msomaji, hapa tusimame kidogo. Hila nyingine humpotezea mtu fedha. Hii humpotezea mtu maisha yake.

Mtu anakwambia, "Dada, naona huna mizigo mingi. Nichukulie hiki kibegi mpaka ng'ambo, kuna ndugu yangu atakipokea." Au anakwambia, "Nitakulipia tiketi na hoteli, utembee bure. Wewe beba tu mzigo huu." Ndani ya mzigo kuna madawa ya kulevya. Nchini China na Saudi Arabia adhabu ya kusafirisha madawa hayo inaweza kuwa kifo. Mwaka 2013 zilitangazwa barua za Watanzania waliofungwa magerezani Hong Kong kwa kosa hilo. Waliwaandikia vijana wenzao waliobaki nyumbani kuwaonya wasifuate njia ile. Safari ya bure ilikuwa imewagharimu miaka mingi ya ujana wao.

Hata asiyekubali kubeba mzigo anaweza kubambikiwa. Mwezi Desemba 2018 mwanafunzi mmoja wa Nigeria alikwenda Saudi Arabia kufanya umra pamoja na mama yake. Huko alikamatwa. Begi lenye vidonge vilivyokatazwa lilikuwa limefika likiwa na jina lake, naye hakulijua kabisa. Uchunguzi uliofanywa Nigeria ulionyesha kwamba watu wa uwanja wa ndege alikoondokea walilibandika jina lake begi lile. Wakakamatwa. Yule binti aliachiwa mwishoni mwa Aprili 2019, baada ya kukaa kifungoni kwa miezi karibu minne.

Basi fanya hivi. Funga begi lako mwenyewe. Lihesabu na lipime mbele yako. Unapolitoa kwa wafanyakazi wa ndege utapewa kipande cha karatasi chenye namba. Hesabu vipande hivyo. Kama umetoa begi moja ukapewa vipande viwili, uliza hapo hapo kabla hujaondoka. Usibebe mzigo wa mtu, hata ukiambiwa ni dawa ya mgonjwa, au unga wa muhogo wa kumpelekea mama. Akikasirika, mwache akasirike.

Na dawa zako mwenyewe zibebe katika paketi yake, pamoja na cheti cha daktari. Dawa nyingine za maumivu zinazotolewa hapa, kama vile tramadol, nchi nyingine huzihesabu kuwa madawa ya kulevya.

SAFARI YA HIJJA

Wazee wengi wa vijijini huweka akiba miaka mingi ili wakahiji. Uza korosho, weka kidogo. Uza karafuu, weka kidogo. Tapeli anaijua akiba hiyo. Huja na karatasi nzuri zenye picha ya Kaaba, na bei iliyo chini ya wengine wote. Wapo wanaochukua fedha wakatoweka. Wapo wabaya zaidi, ambao humpeleka mtu kwa viza ya matembezi badala ya kibali cha hijja.

Tofauti yake ni nini? Mwenye kibali huandaliwa basi, hema lenye ubaridi na huduma. Asiye na kibali hujificha. Hutembea kwa miguu mwendo mrefu juani. Mwezi Juni 2024 joto la Makka lilipita nyuzi 51. Serikali ya Saudi Arabia ilitangaza kwamba mahujaji 1,301 walikufa. Kati ya kila 100 waliokufa, 83 hawakuwa na kibali. Wengi walikuwa wazee au wagonjwa.

Hivyo basi, kabla ya kutoa hata shilingi moja, uliza kama taasisi hiyo imeruhusiwa kupeleka mahujaji. Kwa Bara, uliza BAKWATA. Kwa Zanzibar, uliza Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Uliza utasafiri kwa kibali gani. Lipa benki kwa jina la taasisi, si kwa jina la mtu. Kuuliza si ujinga, na mwenye kazi ya halali haoni haya kuulizwa.

UKIISHA KUIBIWA

Je, kama yamekufika? Usione haya. Hata wasomi na wafanyabiashara wakubwa wametapeliwa. Fanya mambo haya kwa haraka.

Moja. Usimfukuze mwizi peke yako. Fedha si sawa na damu.

Mbili. Nenda kituo cha polisi. Kenya na Uganda namba za simu za dharura ni 999 na 112. Rwanda na India ni 112. Dubai polisi ni 999. Eleza, andikisha, upewe karatasi yenye namba ya taarifa yako.

Tatu. Kama pasipoti imepotea, nenda ubalozi wa Tanzania na karatasi ile ya polisi pamoja na ile nakala uliyotoa nyumbani. Tanzania ina balozi zake Nairobi, Kampala, Kigali, Lusaka, Kinshasa, New Delhi, Riyadh, Abu Dhabi na kwingineko. Ina pia ofisi za konseli Mombasa, Lubumbashi, Dubai na Jeddah. Ubalozi unaweza kukupa hati ya dharura ya kurudi nyumbani. Hauwezi kukutoa gerezani kwa nguvu, wala kulipa madeni yako. Lakini unaweza kukusikiliza, kuwajulisha ndugu zako na kukuonyesha njia.

Nne. Zuia laini yako ya simu, ili fedha iliyomo isichukuliwe.

Tano. Ukirudi kijijini, waeleze wenzako. Tapeli hustawi kwa sababu waliotapeliwa hunyamaza. Mmoja akisema, kumi hupona.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Pasipoti ni yako, usimwachie mtu. Fedha hubadilishwa benki au kwenye duka lenye leseni. Zihesabu mwenyewe. Chakula cha usiyemjua usile. Mzigo wa mtu usibebe. Faini hulipwa kituoni kwa stakabadhi. Nyumbani acha karatasi, namba ya mwenyeji na neno la siri.

Ndugu msomaji, hatusemi haya ili uogope safari. Watu wema ni wengi kila nchi, na wengi watakupokea, watakuelekeza njia na kukukaribisha chakula. Tunasema ili uende na macho yako, na urudi na afya yako. Tahadhari kabla ya hatari. Safari njema.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

Someni habari hii pamoja nyumbani au kijiweni, kisha mjadiliane.

1. Je, katika kijiji chenu yuko mtu aliyetapeliwa safarini? Alitumiwa hila gani?

2. Kama shilingi 1 ya Kenya ni shilingi 20 za Tanzania, shilingi 260,000 za Tanzania zitakupa shilingi ngapi za Kenya?

3. Kwa nini ni hatari kupita njia ya panya hata kama hukubeba kitu kibaya?

4. Mtu amepiga simu usiku, anasema ndugu yenu ameumia ng'ambo, anataka fedha. Mtafanya nini kwanza?

5. Neno la siri la nyumba yenu litakuwa nini? Hili msilijadili mbele ya watu. Mkakubaliane nyumbani.